Sharti la Shujaa: Televisheni, Mashabiki na Hadithi Zinazohamishwa

Kabla Netflix haijaanza kuonyesha mfululizo wa Iron Fist mwezi Machi 2017, wahakiki waliotangulia kuutazama walikuwa wameshaukataa, na mashabiki wengi walipoufikia walikubaliana nao. Danny Rand, shujaa aliyebuniwa na Roy Thomas na Gil Kane mwaka 1974, alilelewa katika mji wa siri uitwao K'un-Lun. Huko alifundishwa kupigana miaka na miaka, mpaka akamkabili joka Shou-Lao na kuitumbukiza mikono yake katika moyo wa joka hilo. Ngumi yake ndiyo hadithi yake. Kwenye televisheni, joka lilionekana macho tu yakiwaka gizani, K'un-Lun ikaonyeshwa kwa vipande vichache, na saa nyingi zikapita katika vyumba vya mikutano vya kampuni ya ukoo wa Rand. Mapigano yenyewe yalikosa uhai. Mwigizaji Finn Jones alieleza hadharani kwamba mara nyingi alifundishwa pambano dakika 15 tu kabla ya kamera kuwashwa.

Hasira iliyofuata ilipewa maelezo yanayotolewa kila mara: mashabiki wa komiki ni watu wagumu, wanataka kila ukurasa uhamishwe kama ulivyo, hawaelewi kwamba televisheni ina bajeti yake, muda wake na kanuni zake. Maelezo hayo hayalingani na yaliyotokea. Mashabiki wengi wa Iron Fist, hasa Wamarekani wenye asili ya Asia, walikuwa wameomba mabadiliko makubwa kuliko yaliyofanywa. Walitaka Danny Rand achezwe na mtu wa asili ya Asia, ili hadithi iachane na mtindo wa zamani wa Mzungu anayekwenda Mashariki na kuwashinda wenyeji kwa sanaa yao wenyewe. Watayarishaji walikataa na kubaki na umbo la komiki. Kwa hiyo waliuhifadhi uso wa shujaa na kuipoteza ngumi yake, na watazamaji walichokililia ni ile ngumi.

Hapo ndipo pa kuanzia. Naamini shabiki anapokasirika, mara nyingi hakasirikii badiliko. Amekasirika kwa sababu sharti la shujaa limevunjwa na mtu ambaye hakujua kuwa lipo. Ili kulithibitisha hili inatubidi tutoke Marekani kidogo, maana mashujaa wa komiki wana umri mdogo, Superman akiwa ametokea mwaka 1938. Kazi ya kuwahamisha mashujaa kutoka kinywa hadi kinywa, kutoka kinywa hadi kitabu, na kutoka kitabu hadi jukwaa imefanywa na watu wengi kabla yake, na sisi wa Kiswahili tumo.

Mtazame Fumo Liyongo. Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, na miji kadhaa ya pwani ya kaskazini ya Kenya inadai sehemu yake. Kipini wanaonyesha kaburi linalosemwa kuwa lake, Pate wana mfalme aliyemwogopa, na Wapokomo wa Mto Tana wana masimulizi yao. Edward Steere alichapisha hadithi yake kwa nathari mwaka 1870. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa mbao, aliitungia utenzi mwanzoni mwa karne ya 20. Abdilatif Abdalla aliandika utangulizi wa utenzi huo ulipochapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Emmanuel Mbogo aliipeleka jukwaani kwa tamthilia. Kila mmoja amebadilisha mengi. Majina ya watawala hayafanani, miji inapishana, na msaliti anayetajwa na wengi kuwa mwana wa Liyongo, katika baadhi ya masimulizi ni mpwa wake.

Kuna jambo moja ambalo halikuguswa. Liyongo haumizwi na mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo hutolewa na damu yake mwenyewe, kijana aliyeahidiwa cheo na mke na mfalme. Mtaani watu husema steringi hafi. Liyongo anakufa, na anakufa kwa namna isiyosahaulika: anainuka na maumivu yake, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde na kukata roho akiwa vilevile. Mji mzima unashinda na kiu kwa kumhofia maiti, mpaka mama yake anapokuja kumsihi. Ukimpa Liyongo mwisho mwingine, ukamfanya auawe na jeshi la wageni kwa bunduki, utakuwa umetunga habari za mtu mwingine mwenye jina lake. Nguvu yake inapata maana kwa sababu ina mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo uko kwa mtu anayempenda.

Hilo ndilo ninaloliita sharti. Kila shujaa ana nguvu, na nguvu hiyo ina bei. Pengine bei ni siri, pengine ni kiapo, pengine ni upweke au msiba usiokwisha. Nguvu huwafanya watu wakusanyike kusikiliza, lakini ni ile bei inayowafanya warudi kesho kusikia hadithi ambayo mwisho wake wanaujua tayari.

Tukirudi Marekani na kipimo hiki mkononi, mambo mengi yaliyoonekana kuwa ubishi wa mashabiki yananyooka. Mwaka 1977 Kenneth Johnson alitengeneza filamu ya kwanza ya televisheni ya The Incredible Hulk kwa ajili ya CBS, na mfululizo wake ukaendelea hadi 1982. Johnson alibadilisha karibu kila kitu. Bruce Banner aliitwa David. Bomu la gamma la komiki ya Stan Lee na Jack Kirby liliondolewa, na mahali pake pakawekwa mwanasayansi aliyefiwa na mkewe katika ajali ya gari kwa kukosa nguvu za kumwokoa, akaanza kutafuta nguvu hizo kwenye maabara. Hulk wa komiki huongea. Wa Johnson alinguruma tu. Maadui wenye nguvu za ajabu hawakuwamo kabisa. Kwa orodha ya tofauti, huu ulistahili kuwa mfululizo uliochukiwa kuliko yote.

Ukapendwa, na hadi leo watu wazima wanaukumbuka kwa heshima. Johnson alilishika sharti lenyewe: huyu ni mtu ambaye hasira yake ni laana, na kila anapoitumia kumsaidia mtu, hulazimika kuuhama mji. Karibu kila sehemu ilimalizika kwa Bill Bixby, aliyemwigiza David, akitembea barabarani na begi lake, akiomba lifti, huku kinanda kikilia taratibu. Mtazamaji aliyekuwa akisoma komiki tangu 1962 aliweza kumtambua mtu wake hata akiitwa jina jingine.

Sasa linganisha na Inhumans, iliyoonyeshwa na ABC mwaka huohuo wa Iron Fist na kuongozwa na mtayarishaji yuleyule, Scott Buck. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni Malkia Medusa, ambaye nywele zake ndefu nyekundu ndizo silaha yake, mikono yake na fahari yake. Katika sehemu ya kwanza kabisa, nywele hizo zinanyolewa. Wengi waliona wazi kwamba kuzionyesha kila wiki kungegharimu fedha nyingi, na kunyoa ilikuwa njia ya kuokoa bajeti. Mfululizo ulikuwa na sehemu 8, ukasitishwa. Katika masimulizi ya zamani shujaa akipoteza nywele zake, hilo ndilo janga lenyewe la hadithi, linatayarishwa kwa muda mrefu na kuombolezwa. Hapa lilitokea kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kuzipenda nywele hizo.

Secret Invasion ya 2023 ilikosea kwa namna nyingine. Komiki ya Brian Michael Bendis na Leinil Francis Yu ya mwaka 2008 ilijengwa juu ya hofu moja: viumbe wanaoweza kujigeuza sura wamechukua nafasi za mashujaa, na hakuna anayejua kama rafiki aliyepigana naye bega kwa bega miaka kumi ni rafiki kweli. Hofu hiyo inahitaji mashujaa wengi na urafiki mwingi, maana huwezi kumshuku mtu usiyemfahamu. Mfululizo wa Disney ulipunguza kundi hilo hadi Nick Fury na watu wachache waliomzunguka, kisha ukamalizia kwa watu wawili waliopewa nguvu za kila shujaa kupigana uwanjani. Kilichobaki kilikuwa jina la komiki. Sitaki kumlaumu Samuel L. Jackson, aliyemwigiza Fury vizuri. Lakini mwigizaji mahiri hawezi kulirudisha sharti lililoondolewa katika hatua ya mwongozo wa filamu.

Mtu anaweza kusema kwamba yote haya ni suala la fedha. Fedha zina nguvu, ndiyo. Zilimnyang'anya Medusa nywele. Hata hivyo Daredevil, iliyotolewa na Netflix mwaka 2015 chini ya kampuni ileile ya Marvel, ilipata heshima kubwa kwa pambano lililopigwa picha katika ukumbi mwembamba bila miujiza ya kompyuta. Matt Murdock, shujaa wake, anapigana, anachoka, anaegemea ukuta, anavuta pumzi na kurudi tena. Huyu ni kipofu Mkatoliki anayeamini kwamba kila ngumi anayorusha ni dhambi atakayoiungama. Uchovu wake ndio sharti lake, na uchovu haugharimu kitu.

Jibu la kushangaza zaidi lilitoka Japani. Mwaka 1978 kampuni ya Toei ilipata ruhusa ya kutumia Spider-Man. Wakati huo CBS ya Marekani ilikuwa na mfululizo wake wa shujaa huyohuyo, uliobaki na jina la Peter Parker na vazi lake lakini ukamwondolea maadui wake wa komiki, akabaki kushughulika na wahalifu wa kawaida. Toei walikwenda njia nyingine kabisa. Peter Parker hayupo. Kuna Takuya Yamashiro, mwendesha pikipiki, anayepewa nguvu na shujaa kutoka sayari nyingine. Ana roboti kubwa kama jengo iitwayo Leopardon. Katika sehemu 41 anapambana na Jeshi la Msalaba wa Chuma, ambalo lilimuua baba yake.

Kwa mtu anayepima kwa vazi na jina, Takuya hastahili kuitwa Spider-Man. Lakini amebeba bei ileile aliyoibeba Peter: amefiwa na mzazi, anaificha siri, na anavumilia kuonekana mvivu na mwoga mbele ya watu wa nyumbani kwake ili wabaki salama. Stan Lee mwenyewe aliusifu mfululizo huo. Roboti ya Leopardon ikaingia katika utamaduni wa televisheni ya Japani: kuanzia Battle Fever J ya mwaka 1979, mifululizo ya vikosi vya mashujaa wa rangi rangi imekuwa na roboti zake kubwa, nayo ndiyo iliyozaa Power Rangers waliopendwa na watoto wa Afrika Mashariki miaka ya 1990. Marvel nao hatimaye walimkaribisha Takuya katika komiki zao, katika mkusanyiko mkubwa wa Spider-Man wa kila ulimwengu uliotoka mwaka 2014. Ni mtoto wa kuasiliwa aliyetambuliwa na ukoo.

Wahamishaji wanaweza hata kumpa shujaa sharti ambalo hakuzaliwa nalo. Superman wa mwanzo hakuwa na udhaifu wowote wa maana. Ile kryptonite, jiwe la kijani linalomnyong'onyeza, ilianzia katika mchezo wa redio mwaka 1943, na komiki zikaichukua miaka sita baadaye. Mashabiki hawakulalamika kwamba redio imeongeza jambo. Walilipokea, kwa sababu nyongeza hiyo iliuliza swali ambalo hadithi yenyewe ilikuwa ikiliuliza: mtu asiyeshindika atashindwa na nini?

Mpaka hapa kipimo changu kinaonekana kukamilika. India inakitikisa. Tarehe 25 Januari 1987, Doordarshan, televisheni ya taifa, ilianza kuonyesha Ramayan ya Ramanand Sagar, mfululizo uliotokana na utenzi wa kale wa shujaa Rama. Kwa sehemu 78, kila Jumapili asubuhi, barabara zilibaki tupu. Watu walioga kabla ya kutazama, wakazivisha televisheni mashada ya maua na kuchoma ubani mbele yake. Arun Govil aliyeigiza Rama aliheshimiwa mitaani kama Rama. Hakuna mfululizo wa shujaa wa Kimarekani uliowahi kupata mapokezi kama hayo, na sababu moja ni kwamba Sagar aliishika hadithi kwa unyenyekevu wa muumini. Rama wake ni mtu anayeacha kiti cha enzi ili ahadi ya baba yake isivunjike. Sharti lilikuwa mahali pake, zito na wazi.

Julai 1988 mfululizo ulimalizika kwa Rama kurudi na kutawazwa. Wafanyakazi wa usafi wa Jalandhar, katika jimbo la Punjab, wakagoma. Taka zikalundikana mitaani na mgomo ukaenea hadi miji mingine. Walidai hadithi iendelee hadi kitabu chake cha mwisho, ambamo Sita, mke wa Rama, anafukuzwa akiwa mjamzito na kupewa hifadhi na mwonaji Valmiki, na watoto wake, Lava na Kusha, wanalelewa katika makazi yake. Wengi wa wafanyakazi hao ni wa jamii inayomheshimu Valmiki kama mlezi wake wa kiroho. Kwao, kuikata hadithi pale kwenye kutawazwa kulimaanisha kumwondoa mtu wao na kumwacha mfalme akiwa safi, bila kuulizwa alichomfanyia mkewe. Walishinda. Sehemu za ziada zilitengenezwa zikaonyeshwa kwa jina la Luv Kush.

Wakati huohuo wasomi nao walikuwa na hofu yao. Romila Thapar, mwanahistoria, alionya kwamba toleo moja linaloonyeshwa na dola linaweza kuyafunika matoleo mengine yote. A. K. Ramanujan aliandika insha mashuhuri juu ya mamia ya Ramayana zinazoishi pamoja, za Kijaini na za Kitamil, za Thailand na kwingineko, nyingine zikimtazama Ravana, adui wa Rama, kwa huruma. Mwaka 2011 insha hiyo iliondolewa katika mtaala wa Chuo Kikuu cha Delhi baada ya malalamiko ya watu walioamini kwamba Ramayana ni moja tu.

Somo la India kwangu ni hili: sharti la shujaa halikai mkononi mwa mtu mmoja. Mfagiaji wa Jalandhar na mtayarishaji wa Mumbai walitazama hadithi moja na kila mmoja akaona bei yake mahali pengine. Kwa hiyo kumtaka mtayarishaji alijue sharti hakutoshi. Anatakiwa pia awepo mtu wa kumwambia kwamba amelisahau, na mtu huyo asikike kazi ingali inafanyika.

Hapa masimulizi ya mdomo yanaizidi televisheni, na mfano bora ninaoujua ni wa Wanyanga wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alimwomba mtambaji Candi Rureke aimbe na kusimulia habari zote za Mwindo, na kazi hiyo ilichukua siku 12. Kitabu kilichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Rureke alisema kwamba hakuwahi kuisimulia hadithi hiyo nzima kwa mfululizo. Kwa kawaida mtambaji husimulia kipande, kipande kinachofaa kwa watu waliokusanyika usiku ule, na watu hao hawakai kimya. Wanaitikia nyimbo, wanapiga milio, wanamsifu, wanampa zawadi, wanamhimiza. Hadithi inatengenezwa mbele ya wenyewe.

Naye Mwindo ana sharti zito. Baba yake alikataza wakeze wasizae mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akaokoka, akamfukuza baba yake mpaka kuzimu akiwa na usinga wake wa ajabu. Anapompata, hamuui. Wanapatana na kugawana utawala. Baadaye, kwa majivuno ya ushindi, anaua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, Radi, na Radi anamchukua juu mbinguni kumwadhibu kwa baridi, mvua na jua mpaka kiburi kinamtoka. Anarudi akiwa amepewa miiko ya kufuata, ukiwemo wa kutoua wanyama. Msimulizi anayeishia kwenye ushindi dhidi ya joka huacha kazi nusu, maana kilele cha Mwindo ni kufunzwa kujizuia. Nina hakika usiku wa aina hiyo wasikilizaji wangemkumbusha.

Jambo la karibu na hilo linafanyika kwetu hata leo mbele ya skrini. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, ambayo watu huyaita vibanda umiza, Lufufu alijenga jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya inaye DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wake waitwao VJ, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Wasomi wa filamu wakati mwingine huwaona kama watu wanaoharibu kazi za wenzao, kwa sababu huzungumza juu ya mazungumzo, huwapa wahusika majina mapya, hutia methali na maoni yao. Mimi nawaona kama warithi wa watambaji. Msimulizi anayechosha hupoteza wateja jioni ileile. Anajua ni wapi mtazamaji wake ataona tendo la shujaa halieleweki, naye huliwekea sababu: huyu ameapa, huyu ana deni la damu, huyu anamficha mama yake. Mara nyingi anachoongeza ndicho mwongozo wa filamu ulichopungukiwa, yaani bei.

Mtayarishaji wa mfululizo wa siku hizi hana banda la namna hiyo. Jukwaa la kulipia linaweza kuachia msimu mzima kwa siku moja, ukiwa umekwisha kuandikwa, kupigwa picha na kuhaririwa. Sauti ya kwanza ya shabiki inafika wakati hakuna tena cha kurekebisha. Ndiyo maana inafika kwa ukali. Watu walionyimwa nafasi ya kukohoa wakati hadithi inasimuliwa hupiga kelele inapokwisha. Msimu wa pili wa Iron Fist, uliotoka 2018, ulikuwa na mapigano bora zaidi kwa sababu kelele zilisikika. Mwezi uliofuata mfululizo wenyewe ulisitishwa.

Hata hivyo siwezi kuitetea kila kelele. Mwaka huohuo Anna Diop, mzaliwa wa Senegal, alitukanwa kwa ngozi yake na watu waliojiita mashabiki, kwa kosa la kuchaguliwa kuigiza Starfire katika mfululizo wa Titans. Starfire ni binti mfalme wa sayari ya Tamaran mwenye ngozi ya rangi ya chungwa; hakuna binadamu wa rangi yoyote anayeweza kudai kwamba amenyang'anywa nafasi hiyo. Sharti la Starfire ni kuwa mateka aliyetoroka utumwani na bado anapenda bila woga. Waliomtukana Diop hawakulinda sharti hilo wala lolote. Walilinda ubaguzi wao, wakajificha nyuma ya neno uaminifu. Wanaidhuru pia hoja ya mashabiki wa kweli, kwa kuwa studio hupata kisingizio cha kuwatia wote katika kapu moja.

Mfululizo wa Watchmen, uliotengenezwa na Damon Lindelof kwa HBO mwaka 2019, unaonyesha jinsi badiliko la rangi linavyoweza kuwa tendo la kusoma kwa makini. Katika komiki ya Alan Moore na Dave Gibbons kuna shujaa wa zamani aitwaye Hooded Justice, anayefunika uso mzima na kuvaa kitanzi shingoni. Komiki haisemi kwa uhakika ni nani. Lindelof alijiuliza swali ambalo lilikuwa limekaa pale tangu 1986: ni mtu gani katika Marekani ya miaka ya 1930 angevaa kitanzi shingoni, na kwa nini lazima uso wake usionekane? Akajibu kwamba ni polisi mweusi aliyenusurika katika mauaji ya Tulsa ya mwaka 1921, ambaye wenzake kazini walimtundika mtini kumtisha. Wako waliokasirika. Lakini baada ya jibu hilo, kitanzi kile kwenye komiki hakiwezi kusomwa tena kama pambo. Kinyongo cha wachache hakiondoi ukweli kwamba sharti lilipatikana, tena ndani ya maandishi yenyewe.

Kuvunjika moyo kwa shabiki kunaweza pia kuzaa kazi. Januari 1966 ABC ilianza kuonyesha Batman ya Adam West, yenye rangi kali, vichekesho na maneno ya ngumi yaliyoandikwa skrini nzima. Ilivuma sana, na watoto wa wakati ule bado wanaipenda. Lakini kwa baadhi ya wasomaji wa komiki ilikuwa msiba: mtoto aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa na kula kiapo alikuwa amegeuzwa mzaha. Mmoja wao alikuwa kijana Michael Uslan, aliyeona aibu na kuapa kwamba siku moja atamrudisha Batman kwenye giza lake. Mwaka 1979 alinunua haki za filamu pamoja na Benjamin Melniker, akahangaika miaka kumi akikataliwa na studio moja baada ya nyingine, mpaka filamu ya Tim Burton ikatoka mwaka 1989. Katika kurasa, Dennis O'Neil na Neal Adams walikuwa wameshaanza kazi hiyohiyo kuanzia mwaka 1970. Hasira yao ilikuwa ya watu wanaojua walichopoteza, ndiyo maana iliweza kujenga.

Hilo ndilo ninalolitaka kwetu. Vitabu vya komiki vya Kiafrika vinaongezeka, katuni za mashujaa wa bara hili zimeanza kuonyeshwa na majukwaa makubwa, na sioni sababu Liyongo, Mwindo na wenzao wasifike huko. Watakapofika watakuja watayarishaji wenye fedha na haraka, watapenda misuli, upinde na mandhari ya Lamu, na pengine wataona kitovu na sindano ni jambo dogo linaloweza kubadilishwa ili kuwe na msimu wa pili. Wabadilishe miji na majina ya wafalme wakitaka. Kijumwa na Mbogo hawakufuata nakala moja. Wampe Saada, kijakazi aliyempelekea Liyongo tupa gerezani ndani ya mkate wa wishwa, sehemu kubwa kuliko aliyowahi kupewa, anaistahili. Ila waulizwe mapema, mwongozo ukiwa bado karatasini, shujaa huyu analipa nini kwa nguvu alizonazo, na ni nani kati ya wenye hadithi aliyeketi nao chumbani akiwa na mamlaka ya kuwaambia wamekosea. Mtayarishaji asiyeweza kujibu maswali hayo mawili hajawa tayari kumchukua shujaa wa watu, hata akiwa na bajeti kubwa kiasi gani. Na sisi mashabiki tunaowapenda mashujaa hawa tuna wajibu wa kuyauliza mapema, kwa sauti na kwa maarifa, badala ya kungoja kulalamika hadithi ikiwa imekwisha.